Uzamili wa Kompyuta: Mwanafunzi Anakodi Mashua ya Nini?

Jumamosi moja tulikuwa Mbale, kaunti ya Vihiga, kwenye harambee ya karo. Kijana wa pale alikuwa amepata nafasi ya kusomea uzamili wa sayansi ya kompyuta, na jamaa zake walikuwa wamealika majirani, watu wa kanisa, na wachache wetu tuliopitia masomo hayo. Mwenyekiti akasoma bajeti: karo, kodi ya chumba, kipakatalishi, kibali cha utafiti, halafu, karibu na mwisho wa ukurasa, kukodi mashua Dunga, ziwani Kisumu, siku sita. Watu wakatazamana. Mzee mmoja aliyeketi mbele akainua mkongojo.

"Huyu kijana si alimaliza kompyuta? Miaka minne tulimsomesha. Sasa anarudia nini? Na hii mashua, anaenda kuvua?"

Niliombwa nimjibu, nikajibu kwa kifupi kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda na mchango wenyewe haujaanza. Lakini maswali ya mzee yalikuwa ya haki, na nimeyasikia kwa sura nyingine mara nyingi. Wazazi Kisumu na Nakuru huuliza kwa nini mtu mwenye shahada arudi darasani badala ya kutafuta kazi. Wanafunzi nao, siku hizi, huuliza kama kuna haja ya kusoma haya yote wakati akili unde inaandika programu kwa sekunde chache. Nataka kujibu taratibu sasa, na mashua tutaifikia.

Kwanza majina, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwetu neno "kompyuta" limebebeshwa mizigo mingi mno. Anayesomea cheti cha wiki kadhaa pale mjini, akajua kuchapa barua na kupanga hesabu kwenye jedwali, amesomea kompyuta. Mwenye stashahada anayeunganisha mtandao wa ofisi na kufufua mashine iliyokufa, naye amesomea kompyuta. Mwenye shahada ya kwanza anayejenga programu, kompyuta. Na wa uzamili, kompyuta vilevile. Basi watu hudhani ni kitu kimoja kinachosomwa tena na tena, kila mara kwa karo kubwa zaidi.

Chukua mahindi. Kuna anayejua kusonga ugali ukaiva sawasawa. Kuna anayeendesha mashine ya kusaga na kuitengeneza inapokwama. Kuna mkulima anayejua lini apande, aweke mbolea ya namna gani, avune lini. Halafu kuna yule mtafiti wa mbegu kule Kitale, anayeuliza kwa nini mmea huu unazaa kuliko ule, na kama inawezekana kupata mmea ambao bado haupo. Mbegu chotara ya H611 ilitoka Kitale mwaka 1964 kwa maswali ya namna hiyo. Wote wanne wanashika mahindi. Ukimwita mtafiti aje kurekebisha mashine ya kusaga, huenda akaweza, lakini sicho alichoendea shuleni. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi wa uzamili anayepigiwa simu kila printa ya jirani inapogoma.

Vyuo vya huku kwetu, kuanzia Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, hadi Egerton pale Njoro, hufundisha masomo ya kompyuta, na majina ya kozi hutofautiana: sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa programu. Usiumize kichwa sana na tofauti hizo. Teknolojia ya habari huelekea zaidi kwenye kuendesha mifumo ya watu na ofisi, na sayansi ya kompyuta huelekea kwenye swali moja: kitu gani kinaweza kukokotolewa, na kwa gharama gani? Uzamili kwa kawaida ni miaka 2: sehemu ya kwanza ni darasani, sehemu ya pili ni utafiti na tasnifu.

Neno la pili tunalohitaji ni algoriti. Ni mpangilio wa hatua zisizo na utata ambazo ukizifuata unafika kwenye jibu. Fikiria daftari la majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, nawe unatafuta jina moja. Unaweza kuanza ukurasa wa kwanza na kusoma hadi ulipate. Pengine utasoma majina laki kadhaa. Au ufungue katikati kabisa, uone kama jina lako liko kabla au baada, utupe nusu nzima isiyokuhusu, kisha ufungue katikati ya nusu iliyobaki. Ukiendelea hivyo, hatua 20 hivi zinatosha. Daftari likiwa na majina 2,000,000, unaongeza hatua moja tu. Hilo hufundishwa mapema sana kwenye shahada ya kwanza, na kila anayelielewa kwa mara ya kwanza hubaki ameduwaa kidogo. Kompyuta ni ileile; kilichobadilika ni wazo.

Sasa tupande. Mwenye kiwanda cha mkate Kisumu ana gari moja. Linatakiwa kupita Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, Kisii na miji mingine, kila mmoja mara moja, kisha lirudi Kisumu. Anataka njia fupi kabisa, kwa sababu mafuta ni pesa. Kwa miji 10, Kisumu ikiwemo, kuna njia tofauti 181,440. Kompyuta inazijaribu zote kabla hujamaliza kupepesa jicho. Kwa miji 20, njia ni zaidi ya bilioni milioni 60. Kompyuta inayojaribu njia bilioni moja kila sekunde itachukua karibu miaka 2. Ongeza miji mitano tu, iwe 25, na kompyuta hiyohiyo itahitaji zaidi ya miaka milioni 9.

Hapa ndipo watu wengi husema, "Basi nunueni kompyuta kubwa." Hilo ni kosa la kawaida, na napenda kulikaa kidogo. Kompyuta yenye kasi mara elfu moja haikupi miji mara elfu moja. Inakupa miji miwili, mitatu ya ziada, basi. Ukuta huu hauvunjwi kwa pesa. Kuna mbinu zenye werevu zinazofika mbali kuliko kujaribu kila njia, lakini hadi leo hakuna aliyepata mbinu iliyo ya haraka kwa kila hali, wala hakuna aliyethibitisha kwamba mbinu hiyo haiwezi kuwapo.

Naibu wa mwalimu mkuu yeyote anaujua ugumu huu hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Mpe ratiba ya shule iliyokwisha kupangwa na umwambie ahakikishe hakuna mwalimu aliyewekwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Atamaliza kabla chai haijapoa. Mwambie aipange mwenyewe kutoka mwanzo na atalala nayo mezani wiki nzima. Kuhakiki jibu ni kazi nyepesi, kulitafuta ni kazi nzito. Je, uzito huo ni wa kweli, au ni sisi ambao bado hatujaona njia ya mkato? Stephen Cook aliliweka swali hilo kwa lugha ya hisabati mwaka 1971. Mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay iliahidi dola 1,000,000 kwa atakayelijibu. Fedha hizo bado zinangoja.

Mwanafunzi wa uzamili haendi kulijibu swali hilo. Anajifunza kulitambua linapomjia likiwa limevaa nguo nyingine: ratiba ya zamu za wauguzi, upangaji wa makontena bandarini, mgao wa vitabu shuleni. Akishalitambua, anaacha kutafuta jibu kamilifu, anatafuta jibu zuri lenye dhamana. Mwaka 1976 Nicos Christofides alionyesha njia ya haraka ya kupanga safari kama ile ya gari la mkate ambayo, kwa umbali wa kawaida wa barabara, haizidi kamwe ile fupi kabisa kwa zaidi ya nusu yake. Tazama uzuri wa jambo hilo. Hujui njia fupi ni ipi, wala hutaijua, lakini unaweza kumwapia mwenye kiwanda kwamba hujamtupa mbali nayo.

Kuna pia mambo ambayo hayawezekani hata ukipewa milele. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936, kabla ya kompyuta tunazozijua kujengwa, kwamba haiwezi kuandikwa programu inayokagua programu nyingine zote na kusema bila kukosea ipi itafika mwisho na ipi itazunguka daima. Mtu akikuuzia programu ya kugundua kila hitilafu katika kila programu, na aliyesomea haya yuko chumbani, biashara hiyo itaishia hapo.

Pesa za simu zitatufikisha kwenye somo lingine kubwa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea kutuma pesa kwa kidole, na tumezoea pia ile dakika ya wasiwasi. Mama anayenunua omena kwa jumla soko la Kibuye, Kisumu, anatuma shilingi 3,000. Simu inazunguka, mtandao unakatika, hakuna ujumbe unaorudi. Atume tena? Hapa kuna mambo mawili yaliyowezekana. Ama ombi lake lilipotea njiani likienda, na pesa bado anazo. Ama ombi lilifika, pesa zikatoka, na kilichopotea ni jibu lililokuwa likirudi. Kwa aliyeshika simu, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Hakuna dalili yoyote kwenye kioo inayoweza kuzitenganisha, na simu yenyewe haijui zaidi yake.

Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilikaa nalo siku nzima. Tatizo si uzembe wa mtu fulani. Ni hali ya mashine mbili zinazozungumza kwa njia isiyoaminika. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha jambo zito zaidi: mashine kadhaa zikitakiwa kukubaliana, na hakuna kikomo cha muda ambao ujumbe unaweza kuchelewa, hakuna utaratibu unaoweza kuhakikisha daima kwamba zitafikia makubaliano iwapo hata moja tu inaweza kuzimika. Bado benki zinafanya kazi. Zinafanyaje? Kwa kujenga kuzunguka udhaifu huo. Ombi hupewa namba yake ya pekee kabla halijaondoka. Likitumwa mara ya pili na namba ileile, upande wa pili unasema, "Hili nimeshalifanya," na kurudisha jibu la mwanzo bila kutoa pesa tena. Wazo dogo kama karatasi ya foleni hospitalini, lakini linazuia watu kulipa mara mbili. Namna ya kulifikia, na kuonyesha kwamba litashika hata mashine mbili zikizimika na saa ya mashine ya tatu ikiwa nyuma, ni muhula mzima wa masomo.

Akili unde ndiyo inayovuta wengi sasa, na ndiyo yenye uvumi mwingi. Kwa maneno rahisi, hapa mtu haiandikii kompyuta kanuni. Anaionyesha mifano, nayo inarekebisha namba zake za ndani kidogo kidogo hadi makosa yapungue. Mtoto naye hujua mbuzi kwa kuonyeshwa mbuzi, si kwa kusomewa maelezo ya mbuzi. Tofauti ni kwamba mtoto hutosheka na mbuzi watatu, mashine huhitaji maelfu, na mashine hujifunza chochote kilichomo ndani ya picha, hata usichokusudia.

Tuseme una picha 1,000 za majani ya muhogo kutoka Busia, na 10 kati yake yana batobato, ule ugonjwa unaoyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Nikikuandikia programu inayosema "zima" kwa kila jani bila hata kulitazama, itakuwa imepatia mara 990. Asilimia 99! Tangaza hivyo redioni na watu watapiga makofi. Mkulima mwenye muhogo mgonjwa hajasaidiwa hata punje. Au tuseme picha zote za majani magonjwa zilipigwa shamba moja lenye udongo mwekundu. Mashine itajifunza wekundu wa udongo, itapata alama nzuri darasani, na itafeli siku ya kwanza ikipelekwa kwenye udongo mweusi wa bondeni. Kozi ya uzamili hutumia muda mwingi kwenye mambo haya kuliko kwenye zile picha za roboti tunazoziona magazetini: umejuaje kwamba imejifunza ulichotaka? Umeipima kwa mifano ambayo haijawahi kuiona? Nani hayumo kwenye data yako? Swali hilo la mwisho linatuhusu sana. Mashine hizi zinazungumza Kiingereza vizuri na Kidholuo au Kilogooli kwa kubabaika, kwa sababu maandishi ya lugha zetu zilizoweza kujifunza kwayo ni machache.

Na ndiyo, ndani yake kuna hisabati. Matriki, uwezekano, takwimu, kalkulasi. Sitamdanganya mtu, wengi hukwama hapo, hasa waliokuja wakitarajia lugha nyingine mbili, tatu za programu. Lugha mpya mtu hujifunza mwenyewe likizoni. Anayetaka kuingia na afungue daftari zake za hesabu miezi kadhaa kabla.

Basi akili unde ikiweza kuandika programu, haya yote ya nini? Rudi kwenye gari la mkate. Iombe ikuandikie programu ya njia fupi na itakuandikia. Huenda ikakupa ile inayojaribu kila njia. Ukiijaribu kwa miji minane inafanya kazi vizuri, mnashangilia, mnaipeleka kwa mwenye kiwanda. Siku anapoingiza miji 25 inakaa kimya, na itakaa kimya miaka milioni 9. Aliyesoma angeliona hilo kwa kusoma mistari kumi ya kwanza. Kadiri programu zinavyoandikwa kwa wepesi, ndivyo tunavyohitaji zaidi watu wanaoweza kuzitazama na kusema hii itavunjikia wapi.

Tasnifu ndiyo mahali haya yote yanapokutana, na ndiyo ilimtatanisha mzee. Mwanafunzi huchagua swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Huandika pendekezo, hupewa msimamizi, huomba kibali kutoka NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, hufanya utafiti, kisha husimama mbele ya watahini kutetea alichoandika. Swali lao huwa lilelile kwa namna mia: umejuaje?

Kijana wa Mbale alichagua magugu maji. Ghuba la Winam, kwenye Ziwa Victoria, limesumbuliwa nayo tangu miaka ya 1990. Hufunga gati, hunasa nyavu, huzuia mashua kutoka. Setilaiti za Sentinel-2 za shirika la anga la Ulaya hupiga picha za eneo hilo kila baada ya siku chache, na picha hizo hutolewa bure kwa yeyote. Kila nukta ya picha ni mraba wa mita 10 kwa 10 ziwani. Mimea hai hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho letu halioni, lakini kamera ya setilaiti inauona, na maji karibu yanaumeza wote. Kwa hivyo kompyuta inaweza kufundishwa kutenganisha mmea na maji. Ugumu ni kutenganisha mmea na mmea. Mafunjo ya kando ya ziwa ni kijani. Mwani unaotanda maji yakichafuka ni kijani. Magugu maji ni kijani.

Kompyuta ikisema "nukta hii ni magugu maji", nani atathibitisha? Lazima mtu awepo pale, ndani ya mraba ule wa mita 10, na kifaa cha kusoma mahali, aandike alichokiona kwa macho. Na lazima awepo siku ileile setilaiti inapopita, asubuhi kabla ya saa sita, kwa sababu magugu maji hayakai. Upepo ukigeuka, kisiwa kizima cha kijani kilichokuwa mbele ya Dunga asubuhi kinaweza kuwa kwingine jioni. Ukienda kesho utaandika maji matupu mahali ambapo picha ya jana inaonyesha magugu, na utaifundisha mashine uongo. Safari sita za setilaiti, siku sita za mashua.

Nilimkuta mzee baadaye kwenye chai, kijana ameketi kando yake akimchorea ziwa kwa kidole juu ya meza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na siku ya mawingu? Hicho chombo chenu kitaona nini?"

Kijana akasema siku hiyo hakioni kitu, na ndiyo maana kuna setilaiti nyingine, Sentinel-1, inayotumia rada na kupenya mawingu, ila rada nayo huchanganyikiwa na mawimbi ziwa linapochafuka. Sura nzima ya tasnifu yake itahusu namna ya kuziunganisha picha za aina hizo mbili. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akauliza mashua hukodiwa kwa pesa ngapi kwa siku, akatoa noti kutoka mfuko wa koti na kumwita mweka hazina aandike kwamba hiyo ni ya mashua.